Dhana na Yakini: Khabari za Gorila

Ndugu msomaji, katika viumbe vilivyosingiziwa na wanadamu, ni vichache vilivyosingiziwa kama gorila. Kwa muda wa miaka mia na zaidi watu wa Ulaya na Marekani waliambiwa ya kuwa huyu ni shetani wa msituni, mwenye kuua kwa kupenda kuua, na mwenye kuteka wanawake. Vitabu viliandikwa hivyo, sanamu zikachongwa hivyo, na sinema zikaonyeshwa hivyo. Kisha wakatokea watu wachache wakaenda kumtazama kwa macho yao, wakakaa naye kwa subira, wakarudi na khabari nyingine kabisa. Nataka leo tuipitie hadithi hiyo tangu mwanzo wake, kwani ndani yake mna fundisho katika jambo litupatalo sote majumbani mwetu, nalo ni namna ya kupokea khabari, na khasara ipatikanayo khabari ikipokewa bila ya kuhakikishwa.

Kwanza tumjue tumzungumzaye. Wengi wetu huku pwani tukisikia gorila twamchanganya na sokwe. Sokwe yuko Tanzania, katika misitu ya Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika. Ama gorila, msituni haonekani Tanzania wala Kenya. Yuko katika misitu ya magharibi, kama Gabon na Kamerun, na yuko mashariki ya Kongo, na Rwanda, na Uganda. Wale waitwao gorila wa milimani wako sehemu mbili tu duniani: katika milima ya Virunga, hapo zinapokutana nchi tatu za Kongo, Rwanda na Uganda, na katika msitu wa Bwindi, Uganda, na ujirani wake. Wanyarwanda humwita ingagi. Dume lake lililokomaa huweza kupata kilo 160 na zaidi, na jike ni kama nusu ya hapo. Dume likitimia ukubwa, manyoya ya mgongoni hugeuka rangi ya fedha, na hilo ndilo liongozalo watu wake.

KHABARI ILIVYOANZA

Mwaka 1847 daktari mmoja mmishenari wa Kimarekani, Thomas Savage, alikuwa Gabon, akaonyeshwa fuvu la mnyama asiyemjua. Akatafuta mafuvu mengine na mifupa, na kwa kushirikiana na Jeffries Wyman, bingwa wa ilimu ya maungo aliyekuwa Boston, akatoa maelezo ya kwanza ya kitaalamu juu ya gorila. Hata jina lenyewe lilitokana na masimulizi. Walilichukua katika khabari za Hanno, baharia wa Carthage wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliyesimulia kwamba katika pwani ya Afrika aliwakuta viumbe wenye manyoya mwili mzima, ambao wakalimani waliwaita kwa jina hilo. Walikuwa viumbe gani hasa, hakuna ajuaye mpaka leo.

Sasa zingatia, ndugu msomaji. Savage hakupata kumwona gorila aliye hai. Aliyoyaandika juu ya mifupa aliyaandika kwa kuishika mkononi, na aliyoyaandika juu ya tabia aliyaandika kwa kusikia. Naye hakulificha hilo. Tena alizikanusha waziwazi zile hadithi za kuwa gorila huingia vijijini akateka wanawake, akasema ni upuuzi. Lakini katika aliyoyapokea mlikuwamo kuwa mnyama huyu ni mkali mno, na kwamba akimwona mtu hamkimbii bali humwendea kwa shari. Basi wasomaji wakalikamata neno la ukali, na lile la kukanusha wakaliacha lianguke njiani. Ndiyo tabia ya uvumi: hubeba kile kinachotisha, na kile kinachotuliza hukiona kizito.

Mwaka 1861 ukatoka London mjini kitabu cha msafiri aitwaye Paul Du Chaillu, aliyekaa Gabon miaka kadhaa akiwinda. Huyu alimwona gorila kwa macho yake, na kitabu chake kikanunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Masimulizi yake karibu yote ni ya namna moja: dume lasimama, lapiga kifua, languruma, lamjia, na lilipokaribia kumfika, bunduki yalia. Alimfananisha na kiumbe wa ndoto mbaya, nusu mtu nusu hayawani.

Walikuwako waliotia shaka. Kijana mmoja Mwingereza, Winwood Reade, alifunga safari mwaka 1862 kwenda Gabon kuhakikisha. Yeye gorila hakumwona, na akakiri hivyo. Aliona nyayo zake na malazi yake. Lakini aliwauliza wawindaji wenyeji wa sehemu mbalimbali, akarudi na neno la kwamba gorila, kama wanyama wengine, hukwepa watu, na hatari yake ni pale anapojeruhiwa au anaposongwa. Alichapisha hayo mwaka 1863. Nani alimsikiliza? Mwaka 1887 mchongaji wa Kifaransa, Emmanuel Frémiet, alipewa nishani mjini Paris kwa sanamu ya gorila aliyemteka mwanamke, yaani ile ile hadithi ambayo Savage aliikanusha miaka arubaini nyuma. Na mwaka 1933 ikatoka sinema ya King Kong, ikaufikisha uzushi huo mahali ambapo vitabu havikufika.

Huenda ukauliza: vipi uwongo huu ulisimama muda wote huo, na hali wako walioshuhudia kwa macho yao? Jawabu lake ni jepesi, nalo ndilo kiini cha maneno yangu leo. Dume la gorila likishtuliwa, hutisha. Hupiga kelele, huvunja matawi, na hukimbilia mtu kama lijalo kumrarua. Lakini mara nyingi mno hukomea hatua chache mbele yake, likageuka. Hufanya hivyo kumfukuza ajaye, ili majike na watoto wapate kuondoka salama. Sasa, mwenye bunduki atayajuaje hayo? Yeye hupiga pale gorila anapokuja mbio, na aliyekwisha kufa hawezi kuonyesha kwamba alikuwa karibu kusimama. Mwindaji hurudi kwao akaapa kuwa amenusurika kuuawa, na haapi uwongo, kwani ndivyo alivyodhani. Bunduki yake ndiyo iliyomzuia kujua.

WALIOKUJA KWA KUUA

Yule wa milimani, wataalamu hawakumjua mpaka tarehe 17 Oktoba, 1902. Siku hiyo afisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, aliyekuwa Usumbura (Bujumbura ya leo), katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, alikuwa akipanda mlima Sabinyo pamoja na askari wachache. Waliona kundi la wanyama weusi wakubwa, wakawapiga, wawili wakaanguka korongoni. Mmoja aliopolewa kwa taabu, na mifupa ikapelekwa Berlin. Mwaka 1903 aina hiyo ikapewa jina la huyo aliyempiga, nalo lingaliko hadi leo katika vitabu vya ilimu.

Baada yake wakaja wengi kukusanya ngozi na mafuvu kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Mmoja wao alikuwa Carl Akeley, Mmarekani, fundi mashuhuri wa kuwatengeneza wanyama waliokufa wakaonekana kama wahai. Alikuja Virunga mwaka 1921 kwa ajili ya makumbusho ya New York, naye akaua. Lakini alipouona uso wa dume lililolala mbele yake, moyo wake ulimgeuka. Aliandika kuwa ilimbidi ajikaze sana asijihisi kuwa ni muuaji. Tena aliona ya kuwa wanyama hawa hawakuwa na shari waliyosingiziwa. Basi akarudi kumwomba Mfalme Albert wa Ubelgiji, aliyekuwa akiitawala Kongo, awatengee mahali pao, na mwaka 1925 ikatangazwa mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika, ambayo leo upande wake wa Kongo huitwa Mbuga ya Virunga. Mwaka 1926 Akeley alirejea ili aanze kuwachunguza wakiwa hai, akafariki huko huko mlimani, akazikwa Kabara, chini ya mlima Mikeno.

ALIYEKUJA KWA KUTAZAMA

Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Mwaka 1959 akaja Kabara kijana wa miaka ishirini na kitu, George Schaller, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Marekani. Hakuchukua bunduki. Watu wengi walikuwa wamejaribu kumnyatia gorila wakajificha majanini. Yeye alifanya kinyume chake. Alivaa nguo zile zile za rangi ya majani makavu kila siku, akaenda peke yake au na mtu mmoja, akakaa mahali pa wazi ili gorila amwone, akatulia. Wao wakisogea, hakuwafuata mbio. Akagundua kwamba gorila huona kutazamwa kwa kukaziwa macho kuwa ni uchokozi, basi yeye akayainamisha macho yake. Siku zikapita, na wale wanyama wakamzoea. Kwa muda wa kama mwaka mmoja aliwatazama kwa saa zaidi ya 450, akiwatambua mmoja mmoja kwa mikunjo ya puani, ambayo kila gorila anayo yake.

Aliona nini? Aliona jamaa wakila, wakilala mchana, watoto wakimpanda baba yao mgongoni, na kila jioni kila mkubwa akijitandikia malazi yake ya majani. Ugomvi ulikuwa mchache na mwingi wake wa kelele. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1963 kiliyaporomosha masimulizi ya miaka mia.

Na hapa pana jambo la kupendeza. Mifupa ilikuwa ile ile. Zamani watu waliliangalia lile fuvu lenye ukingo wa mfupa utosini, na taya nene, na chonge ndefu, wakasema hii ni silaha ya muuaji. Walipomwona akila ndipo walipofahamu. Ule ukingo wa utosini ni mahali ishikapo misuli ya kutafunia. Gorila wa milimani hula majani, mashina, mimea yenye miiba na ile iwashayo, na machipukizi ya mianzi. Dume kubwa huweza kula hata kilo 30 kwa siku. Lile tumbo kubwa ni kwa sababu ya utumbo mpana uliojaa vijidudu vinavyochachua majani mpaka yakatoa nguvu. Na zile chonge ndefu hulisaidia dume katika kutishana na kupigana na madume wenziwe. Hana nyama anayoirarua. Tazama, basi, jinsi mifupa isivyosema yenyewe. Husemewa na mtu, na mtu husema yale aliyokwisha kuyadhani.

Hata kule kupiga kifua, kulikoitwa alama ya ghadhabu, kumechunguzwa. Hapigi kwa ngumi. Hupiga kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe, na mlio huweza kusikika mbali kiasi cha kilomita moja. Mwaka 2021 wachunguzi waliorekodi milio ya madume huko Rwanda walitoa matokeo yao: dume lenye mwili mkubwa zaidi hutoa mlio mzito zaidi. Yaani anatangaza kimo chake, na hawezi kukizidisha. Akisikia mwenziwe, hupima, na mara nyingi hapana haja ya kupigana.

GHARAMA YA KUJUA

Mwaka 1967 alikuja Dian Fossey, mwanamke wa Kimarekani, kwa msaada wa Louis Leakey wa Nairobi. Aliyemfundisha kufuata nyayo alikuwa Mkongo aitwaye Sanwekwe, ambaye alipokuwa kijana alifanya kazi na Akeley, kisha na Schaller. Majina ya wageni yameandikwa kwa wino mkubwa, lakini yafaa tukumbuke kwamba bila ya macho ya wenyeji kama huyu, wageni wangezunguka katika ukungu wasione hata unyayo. Vita vilimtoa Fossey Kongo, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule akaweka kambi upande wa Rwanda, baina ya milima Karisimbi na Bisoke, akaiita Karisoke. Huko alikaa karibu miaka 18. Alijifunza kuiga mkoromo wa gorila aliyeridhika, akatambaa kama wao, akatafuna majani kama wao, mpaka wakamkubali.

Nao uchunguzi huo haukumgeuza gorila kuwa malaika. Iligunduliwa kwamba kiongozi wa kundi akifa, dume geni huweza kuwaua watoto wachanga. Hilo nalo liliandikwa, kwani shahidi wa kweli hafichi la upande wowote.

Lakini idadi ilikuwa ikishuka. Misitu ilikatwa, na mitego iliyotegewa paa iliwanasa magorila pia. Tarehe 31 Desemba, 1977, dume aliyeitwa Digit, ambaye Fossey alimjua tangu udogo, aliuawa kwa mikuki ya majangili, kichwa na mikono vikakatwa. Alikufa akiwakinga wenziwe, nao wakaokoka. Kufikia mwaka 1981 waliosalia Virunga walikuwa kiasi cha 250 tu. Fossey mwenyewe aliuawa kambini mwake mwezi wa Desemba 1985. Naye hakuwa mtu asiye na lawama; ukali wake kwa wenyeji umeandikwa, na kazi ya ulinzi ilistawi zaidi pale wenyeji waliposhirikishwa, kuliko pale walipotishwa. Tangu mwaka 2005 Rwanda huwapa wanavijiji jirani sehemu ya mapato ya wageni wajao kuwatazama magorila.

Kisha likatokea lisilotazamiwa. Gorila aliyemzoea mtu hupata maradhi ya mtu. Mwaka 1988 maradhi ya kifua yaliwaingia magorila wa Rwanda, majike sita wakafa. Madaktari walishuku shurua, wakawachanja wengine 65 kwa chanjo ya binadamu. Mwaka 1996 huko Bwindi magorila walipatwa na upele na mtoto mmoja akafa; Dakta Gladys Kalema-Zikusoka, Mganda, akaona kwamba umetokana na watu wa vijiji vya jirani. Hakuwalaumu. Alisema hakuna njia ya kumponya gorila na hali jirani yake mwanadamu ni mgonjwa, akaanzisha kazi ya kutibu wote wawili. Mwaka 2009 virusi vya mafua ya watu vilimwua jike na kitoto katika kundi moja la Rwanda. Kwa hivyo mgeni huamrishwa asimkaribie gorila chini ya mita saba, na baada ya maradhi ya korona wakaongeza masafa na barakoa. Tazama maajabu: zamani mtu alimwogopa gorila asimdhuru, na leo ni gorila wa kulindwa na pumzi za mtu.

Matunda yake yameonekana. Hesabu iliyofanywa Virunga mwaka 2015 na 2016 ilipata magorila 604, na ile ya Bwindi ya mwaka 2018 ikapata 459, jumla 1,063. Hapana aina nyingine ya nyani wakubwa wa namna yao ambayo imejulikana kuongezeka hivyo porini. Nao hawakuongezeka bure: katika Mbuga ya Virunga peke yake walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini, wengi wao vijana wenye wake na watoto.

Na katika matokeo ya miaka 53 ya kuwaandika kila siku, limo moja lililotoka mwaka 2021 ambalo lafaa kusomwa na kila mwenye nyumba. Mtoto wa gorila aliyekwisha kuacha ziwa, akifiwa na mama, hapungukiwi na umri kuliko wenziwe. Kundi humkusanya, na hasa lile dume kubwa lenye mgongo wa fedha: huyu yatima hukaa karibu nalo, hulala ubavuni pake, na kucheza na wenziwe. Huyo ndiye aliyeitwa shetani wa msituni.

FUNDISHO

Ndugu msomaji, wazee wetu wa ilimu walipoletewa khabari walikuwa wakiuliza: nani amekwambia, naye alimsikia nani? Hadithi ya gorila yatufundisha kuongeza maswali. La kwanza: huyu msimulizi aliona au alisikia? Savage alisikia. La pili: akiwa aliona, alikuwa na nini mkononi? Du Chaillu aliona, lakini alikuwa na bunduki, na mwenye bunduki huona adui. La tatu: alikaa muda gani? Hukumu ya mtu wa saa moja si sawa na ya mtu wa mwaka mmoja.

Mara ngapi nasi twamhukumu jirani tusiyekaa naye, au mkwe aliyeingia nyumbani jana, au watu wa kabila na nchi tusiyoikanyaga, kwa neno lililoletwa na mtu aliyeletewa? Na leo simu zimetuweka mikononi uvumi unaozunguka mji mzima kabla ya swala ya adhuhuri kuingia. Mtu ambaye kwetu ana sauti kubwa huenda anawakinga wanawe. Na sisi tukimjia kwa shari, atatuonyesha ukali, tukarudi kusema: je, hatukuwaambia?

Gorila hakuweza kujitetea. Ilibidi wengine wakae miaka wamsemee, na baadhi yao wakafa katika kusema huko. Mwanadamu mwenzetu ana ulimi, na nyumba yake ni ya pili kutoka kwetu. Twende tukamwulize. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuhakikisha kabla ya kusema. Amin.